Mfamasia Akitoka Dirishani: Mafunzo Niliyopata kwa Wazee wa Simiyu

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa Machi 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga na kuongezewa Busega, iliyokuwa sehemu ya Magu. Sensa ya 2022 ilihesabu humu watu 2,140,497. Wazee wetu karibu wote hawajawahi kulala kwenye makazi ya wazee. Makazi ya serikali yaliyo jirani nasi ni Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na Bukumbi wilayani Misungwi, na wanaohifadhiwa huko ni wachache, wengi wao wakiwa hawana tena ndugu wa kuwatazama. Mzee wa Bariadi, wa Itilima au wa Meatu anazeekea kwenye mji wake, kati ya zizi na shamba la pamba, na anayemtunza ni mkamwana au mjukuu.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwatoa wafamasia watarajali, wateknolojia dawa na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu nyuma ya dirisha na kuwapeleka wazee wanakoishi. Zipo nchi ambako kazi hii imewekewa utaratibu. Marekani, tangu mwaka 1974, imeagiza mfamasia apitie kila mwezi dawa za wakazi wa makao ya uuguzi. Australia iliunda Tume ya Kifalme iliyochunguza matunzo ya wazee kuanzia 2018 hadi 2021, na tangu Julai 2024 serikali yake inalipia wafamasia wafanye kazi ndani ya makao hayo, baada ya kupata mafunzo maalumu. Sisi bado hatujafika huko. Lakini dawa zinazowadhuru wazee wa Sydney ndizo hizohizo zilizojaa kwenye rafu zetu, na mwili wa mzee ni mmoja popote alipo.

1. Omba uoneshwe dawa zote, kisha zipange kwa tarehe

Mtarajali aliyetoka chuoni anataka faili. Kijijini faili ni daftari la shule lililokunjwakunjwa, limeandikwa na zahanati hii, kituo kile na hospitali nyingine, na kurasa za katikati zimechanwa. Kwa hiyo nawafundisha waanze na sentensi moja, wakimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, tunaomba kuona dawa zote zilizomo humu ndani, hata zile za zamani."

Mama mmoja, njia ya kwenda Lamadi, alimtuma mjukuu alete kopo la rangi lenye mfuniko. Tukamimina kila kitu mkekani. Kulikuwa na amlodipine ya miligramu 10 aliyopewa hospitali. Kulikuwa na amlodipine nyingine ya kiwanda tofauti, boksi la rangi nyingine, aliyonunuliwa dukani na mwanawe aliyekuja likizo. Kulikuwa na furosemide, diclofenac, Piriton, nusu ya vidonge vya amoksilini vya mtoto fulani, na kibahasha kisicho na jina chenye vidonge vyeupe ambavyo mama alisema ni vya usingizi.

Watarajali wangu walianza kuzipanga kwa magonjwa: za presha huku, za maumivu kule. Nikawaomba wazipange upya, kwa kufuata ipi ilikuja kwanza na nini kilitokea kabla ya inayofuata. Hapo hadithi ikajitokeza yenyewe. Amlodipine zilikuwa mbili, na mama alizimeza zote akidhani ni dawa mbili tofauti. Miguu ikavimba, jambo ambalo amlodipine inajulikana kulisababisha, hasa dozi ikiwa kubwa. Aliyeiona miguu akaandika furosemide ya kukojoza maji. Furosemide ikamtoa mama nje usiku, akajikwaa karibu na zizi akaumia nyonga. Kwa maumivu akapewa diclofenac, na diclofenac hupandisha presha. Alipopimwa tena, presha ikawa juu, na dozi ya dawa ya presha ikaongezwa.

Hakuna aliyemtakia mama mabaya katika mlolongo huu. Kila mmoja alitibu alichokiona siku hiyo. Aliyekosekana ni mtu wa kuzitazama dawa zote kwa pamoja, na mtu huyo kwa elimu yake ni mfamasia. Tulimwandikia daktari barua ya ukurasa mmoja. Alifuta amlodipine ya pili, akapunguza iliyobaki, akasitisha furosemide na diclofenac. Uvimbe ukaisha.

Nasisitiza hiyo barua. Mfamasia hatoki kwenye nyumba ya mzee akiwa amefuta dawa za daktari kwa kauli yake. Anaandika alichokikuta, anachopendekeza na sababu, anaacha namba ya simu, kisha anafuatilia hadi ajibiwe. Vyuo vyetu vinafundisha vizuri kusoma cheti cha dawa. Barua kwa aliyekiandika haifundishwi vya kutosha, na vijana wengi wanaiogopa kuliko mtihani.

2. Uliza amekula nini, na amekula saa ngapi

Mwaka 1991 daktari Mmarekani Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo afadhali mzee asipewe, na waliitunga kwa kuwafikiria hasa wakazi wa makao ya uuguzi. Imehuishwa mara nyingi, mwisho mwaka 2023. Ukiifungua unakutana na majina ya dukani kwetu: glibenclamide, diazepam, amitriptyline, Piriton.

Glibenclamide ndiyo inayonikosesha raha zaidi. Ni ya bei nafuu, inapatikana, na imewasaidia watu wengi wenye kisukari walio na nguvu zao. Lakini inalilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna kitu, na figo zikichoka inakaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Sasa mweke mzee wa Meatu katika Januari ya mwaka ambao mvua zimesuasua. Mahindi ya ghalani yamekwisha, mapya hayajakomaa. Asubuhi anakunywa chai ya rangi au anatafuna michembe kidogo, na ugali anauona jioni. Dawa ameimeza alfajiri, kama alivyoagizwa. Saa tano anatoka jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Nyumbani wanasema ni malaria, au wanasema ni mambo ya watu.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza dozi tunauliza ratiba ya chungu. Nani anapika? Saa ngapi? Siku ambayo hakukupikwa mchana, ulimeza dawa? Watarajali huona aibu kumuuliza mtu mzima kama alikula jana. Tunaifanyia mazoezi aibu hiyo hadi ipungue, kwa sababu jibu la swali hilo linaweza kubadilisha matibabu kuliko kipimo cha sukari cha siku moja. Nao watunzaji tunawaachia maelekezo mafupi: akianza jasho na kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vya sukari kwenye maji mara moja, akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mpakie umuwahishe kituoni.

Katika mapishi hayo hayo tunauliza pia magadi. Maharage na mlenda vinavyolainishwa kwa magadi vinamwingizia mzee sodiamu nyingi bila chumvi kuonekana, na nimeona presha iliyogoma kwa dawa ikaanza kutii baada ya jikoni kubadilika.

3. Dawa ya magoti ina bei mbili

Mtu aliyepalilia pamba miaka hamsini anaumwa magoti na mgongo. Anamtuma mjukuu dukani na hela kidogo, naye anarudi na diclofenac, mara nyingine imechanganywa na vidonge vya prednisolone ili ifanye kazi haraka. Na kweli inafanya kazi haraka. Baada ya miezi tumbo linavuja damu taratibu, presha inapanda, figo zinaumia, hasa kama mzee huyo anameza pia losartan au captopril pamoja na dawa ya kukojoza maji. Dawa hizo tatu zikikutana, figo za mzee zinabanwa kila upande.

Watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu ndio wanaoweza kulizuia hili, kuliko mimi na kuliko daktari. Mpango wa maduka haya ulianza Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale yaliyoitwa ya dawa baridi, na leo ndiyo famasia ya mtu wa kijijini. Nawaomba jambo moja tu: mtoto akija kununua dawa ya maumivu, aulizwe inakwenda kwa nani na mtu huyo anatumia dawa gani nyingine. Ikiwa ni babu mwenye presha, apewe parasetamo, maji ya moto ya kukanda, na ujumbe wa kufika kituoni.

4. Beba mzani

Majibu ya maabara yanaweza kumpumbaza kijana. Anaona kreatinini ya mzee ni mikromoli 90 kwa lita, anaona mstari wa kawaida, anaendelea. Lakini kreatinini hutokana na misuli, na mzee aliyekonda ana misuli michache. Figo zake zinaweza kuwa zimechoka sana na namba ikabaki nzuri.

Kanuni ya Cockcroft na Gault, iliyochapishwa mwaka 1976, inahitaji umri na uzito. Mchukue bibi wa miaka 78 mwenye kilo 45 na kreatinini hiyohiyo ya 90. Ukipiga hesabu unapata takriban mililita 32 kwa dakika. Figo hizo zinafanya kazi chini ya nusu ya za kijana mzima. Dozi kamili ya metformin haimfai tena, na akishuka chini ya 30 aiache kabisa. Hesabu yote inafanyika kwenye simu kwa nusu dakika, ilimradi uwe na uzito wa kweli. Daftari litakuambia kilo 60 za mwaka ambao bado alikuwa analima. Kwa hiyo tunatembea na mzani wa miguu, ule wa kawaida, unaokaa kwenye begi, na mzee asiyeweza kusimama tunambeba tunapima pamoja, kisha tunajipima wenyewe na kutoa.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu namba. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya waliopimwa wana presha, asilimia 25.9. Waliopimwa walikuwa na umri wa miaka 25 hadi 64. Aliyefikisha 65 hakuwamo.

5. Chunguza njia ya chooni na kinu cha jikoni

Vitu viwili vidogo vinaokoa nyonga na maisha. Cha kwanza ni njia ya chooni. Furosemide imezwe asubuhi, maana kazi yake huisha baada ya saa sita au nane. Ikimezwa jioni mzee atavuka uwanja gizani kwenda chooni. Na presha ipimwe akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Kwa wengi inashuka ghafla wakisimama, na hiyo ndiyo sababu ya maanguko ambayo nyumbani wanayaita uzee.

Cha pili ni kusaga. Mzee akishindwa kumeza, mkamwana kwa upendo wake anasaga vidonge na kuvikoroga kwenye uji. Vingine havina shida. Lakini nifedipine ya retard imetengenezwa itoke polepole kwa nusu siku. Ukiisaga inaingia yote kwa mkupuo na presha inaweza kuporomoka vibaya. Mtarajali haondoki kabla hajauliza dawa zinamezwaje, na kabla hajaonyeshwa.

6. Mwanafunzi wako wa kweli ni mjukuu

Nilikuja nikiamini nawafundisha wataalamu. Baada ya muda nimeona kwamba mtaalamu aliyefundishwa vizuri ni yule anayejua kumfundisha binti wa darasa la sita, kwa sababu binti huyo ndiye anayegawa dawa asubuhi kabla ya kukimbilia shule.

Kibahasha kimeandikwa 1 x 3. Sisi tunaelewa. Nimekuta nyumba ambako kilieleweka kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu, na nyingine ambako vilimezwa vitatu kwa pamoja. Kwa hiyo tunaandika kwa maneno, na tunachora: jua linachomoza, jua la utosini, mwezi. Mwenye dawa mbili zinazofanana rangi tunamfungia moja kwa uzi. Kisha hatuulizi "Umeelewa?", maana heshima itamfanya aseme ndiyo. Tunamwambia, "Hebu mwanangu, nioneshe utakavyompa bibi kesho asubuhi." Afanye mbele yetu.

Na tunaangalia zinapokaa. Nyumba ya bati mchana wa Oktoba hapa ni tanuri. Dawa ziondolewe kwenye kona ya juu chini ya paa, ziwekwe chini palipo na ubaridi, na ziwe mbali kabisa na viuatilifu vya pamba, maana vyote viwili huishia kwenye kasha moja. Mwenye insulini asiye na jokofu anawekewa chupa ndani ya kichungu kidogo kilichokaa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kivulini. Maji yakikauka taratibu, ndani panapoa kuliko chumbani.

Kuna pia mipaka ya adabu ambayo kitabu hakiijui. Mkamwana hawezi kumuuliza baba mkwe habari za kukojoa, wala kumpaka dawa sehemu za siri, wala haipendezi kumtaka afanye hivyo. Tafuta mjukuu wa kiume au mwenzake wa rika. Kama hakuna, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango wao jumuishi mwaka 2024, na kwa wazee hawa ni mkono tunaouhitaji sana.

7. Kisukuma kwanza

Mfamasia aliyepangiwa Bariadi kutoka Dar es Salaam au Moshi anaweza kuwa na kichwa kizuri sana na bado asipate chochote kwenye nyumba ya mzee. Mzee wa miaka themanini anakielewa Kiswahili cha mnadani na cha redio. Maumivu yake anayaeleza kwa Kisukuma. Nawafundisha vijana salamu kabla ya dozi: "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" jua likishapanda, "Wabeja" wakipewa kigoda. Wakae chini ya alipokaa mzee. Wamwite baba, mayu (mama) au guku (babu), kulingana na umri wao na wake. Wasimwage maswali. Waulizwe wao kwanza wametoka wapi na wazazi wao hawajambo, wajibu kwa utulivu, wasiangalie saa.

Muda huo haupotei. Mzee aliyekusalimu vizuri ndiye atakayekuambia, wakati unaaga, kwamba zile dawa za presha aliziacha tangu mwezi ule.

8. Macho mekundu na maneno ya usiku

Hili ni la kwetu na linanibana kifua kuliko yote. Katika nchi ya Wasukuma kuna bibi waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu na mtu akasema ni wachawi. Mkoa wetu unabeba jina la Gamboshi, kijiji cha wilaya ya Bariadi ambacho nchi nzima inakihusisha na uchawi, na uvumi wa namna hiyo haukai kama hadithi tu. Una watu wanaoulipia.

Macho ya bibi yanakuwa mekundu kwa moshi. Miti imekwisha, anapikia mabua na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha, miaka sitini mfululizo. Yanakuwa mekundu kwa trakoma, kope zikajikunja ndani na kuikwaruza mboni. Yanakuwa mekundu kwa ukavu wa uzeeni. Shirika la HelpAge International lilianza kushughulikia hili Magu mwishoni mwa miaka ya 1990, likiwafundisha wanavijiji na kuhimiza majiko banifu, na wakati ule Busega yetu ilikuwa bado ndani ya Magu. Walielewa kwamba jiko linaweza kumlinda bibi kama sheria inavyomlinda.

Mfamasia ana kazi tatu hapa. Ya kwanza ni kutoa dawa sahihi: mafuta ya macho ya tetracycline panapofaa, na rufaa kwa daktari wa macho pale kope zimejikunja au uoni umepungua. Ya pili ni kukataa kuuza matone ya dexamethasone kwa kila jicho jekundu. Yanapunguza wekundu upesi, kwa hiyo yanapendwa, lakini yakitumiwa bila macho kupimwa yanaweza kupandisha presha ya jicho na kulipofua, au kuchochea kidonda cha mboni. Ya tatu ni kusema. Aseme kwa sauti, mbele ya mkwe, jirani na mtoto aliyekuja kuchota maji: macho haya ni ya moshi, huu ni ugonjwa, una dawa, na hata mimi ningekaa jikoni humu ningekuwa nayo. Watoa dawa nawafundisha waiseme dukani pia, foleni ikiwa imejaa. Neno la mtu wa dawa linasikilizwa.

Kisha kuna lililonichukua muda kuliunganisha. Bibi anayeongea peke yake usiku, anayetoka nje na kuzunguka nyumba, anayemwona marehemu mume wake mlangoni, kijijini anatazamwa kwa jicho lilelile. Na mara nyingi sana chanzo kimo kwenye kopo. Piriton aliyonunuliwa kwa kuwashwa. Amitriptyline ya maumivu ya mishipa. Diazepam ya usingizi, au promethazine. Kila moja inaweza kumchanganya mzee. Mbili pamoja, karibu kwa hakika zitamchanganya. Mzee mmoja ambaye wanawe walikwishakata shauri kumhamishia kibanda cha pembeni alirudiwa na akili zake baada ya daktari kumwachisha Piriton na kumpunguzia amitriptyline kidogo kidogo. Alitusalimu kwa majina ya koo zetu. Nikamwambia mtarajali wangu aandike kwenye daftari lake kwamba kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee ni suala la dawa hadi ithibitike vinginevyo, na asipoliuliza yeye, kuna wengine watalijibu kwa namna yao.

9. Usimdharau nfumu, wala usimpishe

Karibu kila mzee anatumia mitishamba: mwarobaini, mlonge, mizizi ya kwa nfumu, yaani mganga wa kienyeji. Ukikunja uso ataificha, na utabaki kupanga dawa usizozijua ukiwa umefungwa macho. Ulizia kama unavyoulizia chakula. Baadhi ya miti inashusha sukari, na ikikutana na glibenclamide inazidisha.

Kanda ya Ziwa ilipata somo lake mwaka 2011, magari yalipofurika kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wagonjwa wengi, wazee wakiwamo, waliacha dawa za kisukari, presha na za kufubaza virusi vya Ukimwi, na wengine walifia njiani au kwenye foleni. Sina neno na imani ya mtu. Ninachowaambia watarajali ni kwamba mtu anayesafiri siku nzima kutafuta kikombe ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza kwa nini anameza vidonge vile kila siku bila kupona.

10. Msamaha wa matibabu hauishii dirishani

Sera ya Taifa ya Wazee ilitungwa mwaka 2003, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bure. Kwenye vituo vingi utaona maandishi ya Mzee Kwanza. Mzee anapita mbele ya foleni, anaonwa, anaandikiwa, anafika dirishani, anaambiwa dawa mbili kati ya nne akanunue nje. Nje hana hela. Anarudi nyumbani na kuanza kuzigawa: anameza leo, anaruka kesho, ili zifike mwisho wa mwezi.

Mfamasia asiishie kugonga muhuri wa "hakuna". Ajue ipi kati ya nne haiwezi kukosekana hata siku moja na ipi inaweza kusubiri. Ajue dawa mbadala ya kundi hilohilo iliyopo stoo, amwombe daktari abadilishe. Na idadi ya wazee wake iingie kwenye maombi yanayokwenda Bohari ya Dawa, maana stoo inayoagiza kwa mazoea ya mwaka uliopita itaendelea kuwa na dawa nyingi za malaria na chache za presha, huku wenye presha wakiongezeka.

11. Mwezi mmoja wa utarajali uende kwa wazee

Utarajali wa mfamasia ni mwaka mmoja, chini ya usimamizi wa Baraza la Famasi. Anazunguka stoo, dirisha, wodi, pengine kiwandani. Naliomba Baraza, na vyuo kuanzia Muhimbili hadi Bugando pale Mwanza, mwezi mmoja wa mwaka huo uwe wa wazee. Kwa anayefanyia utarajali Kanda ya Ziwa, wiki mbili ziwe kwenye makazi kama Kolandoto au Bukumbi, ambako wazee wengi wako sehemu moja, wapo maafisa ustawi wa jamii, na kijana anaweza kuona matokeo ya ushauri wake kesho yake. Wiki mbili nyingine ziwe majumbani, Bariadi, Maswa, popote alipopangiwa, akiongozana na mhudumu wa jamii.

Kipimo chake kisiwe mtihani wa kuchagua jibu. Kwa kila mzee aache karatasi moja: dawa zote zilizokutwa, tarehe kila moja ilipoanza, uzito, hesabu ya figo, presha ya kukaa na ya kusimama, chakula cha siku, jina la anayegawa dawa, na pendekezo lililotumwa kwa daktari pamoja na jibu lake. Nakala moja ibaki kituoni, nyingine ndani ya kopo la dawa la mzee mwenyewe, ili mfamasia atakayekuja baada yake asianze upya.